Uwanja wa Ngoma na Ugomvi wa Nyumbani: Okot p'Bitek, Mtayarishaji wa Maonyesho

Utangulizi

Mtaa wa Kaloleni mjini Kisumu una jina lililosafiri. Kaloleni inayojulikana zaidi iko pwani, katika nchi ya Wamijikenda. Nyingine ziko Nairobi na Arusha. Wengi huliunganisha jina hilo na kitenzi kulola, ambacho katika Kigiriama na lugha ndugu zake maana yake ni kutazama. Hivyo Kaloleni huwa ni kama kusema "nendeni mkatazame". Neno la Kiyunani theatron, ambalo ndilo asili ya jina la sanaa za jukwaani katika lugha nyingi za Ulaya, nalo maana yake ni mahali pa kutazamia. Hii ni sadfa tu. Hata hivyo ni sadfa yenye faida kwa mhakiki, kwani mtu aliyekuja Kisumu mwaka 1968 na kuandaa huko tamasha la sanaa alikuwa ameanza kushuku kwamba kutazama tu, bila kushiriki, ni maradhi ya sanaa. Mtu huyo alikuwa Okot p'Bitek.

Katika vyuo vyetu Okot hufundishwa kama mshairi wa mgongano wa tamaduni. Waandishi wa historia ya michezo ya kuigiza humtaja kama mkuu wa Ukumbi wa Taifa wa Uganda na mwanzilishi wa matamasha ya Gulu na Kisumu. Msomaji wa kawaida naye ana swali lake la tatu: je, ugomvi huu mkali wa mume na wanawake wawili, uliokijaza kitabu chake mashuhuri, ni ugomvi wa nyumbani kwake mwenyewe? Mambo haya matatu yametenganishwa mno. Makala haya yanashikilia kwamba mapenzi yenye dhoruba katika nyimbo za Okot, na kazi yake yenye dhoruba kama mtayarishaji wa maonyesho, ni jambo moja lililotazamwa kutoka pande mbili. Nyumbani na ukumbini swali la Okot lilikuwa lile lile: ni nani mwenye haki ya kuingia uwanjani, na humpata nini mtu anapogeuzwa mtazamaji katika ngoma yake mwenyewe? Akisomwa hivyo, sifa yake inazidi. Lakini upungufu wake pia unaonekana wazi zaidi.

Umbeya na uhakiki

Swali la msomaji wa kawaida lisidharauliwe. Majina Okot na Ocol yanakaribiana kwa sauti. Wote wawili ni watu wa Gulu waliosoma chuo kikuu, na wote wawili waliuona ulimwengu wa siasa za Uganda baada ya Uhuru. Okot alioa zaidi ya mara moja, na familia yake ilivuka mipaka pamoja naye. Lakini mhakiki akiyachukua hayo na kuyabandika juu ya shairi, hatakuwa amelieleza shairi; atakuwa amemweleza jirani.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 1662 Molière, ambaye wasomaji wa Kiswahili walipata kumfahamu kwa tafsiri za A. Morrison, alimwoa Armande Béjart, mwigizaji aliyekuwa mdogo wake kwa miaka mingi. Desemba ya mwaka uo huo akauonyesha mjini Paris mchezo juu ya mtu mzima anayemlea msichana katika ujinga ili aje awe mke mwaminifu. Wako waliousoma mchezo huo kama shajara ya ndoa yake. Lakini shajara haielezi kwa nini mchezo huo unachekesha hata leo, wala kwa nini msichana yule asiyejua kitu ndiye anayeshinda. Mtu wa jukwaani huitumia nyumba yake kama mhunzi autumiavyo mkaa: bila mkaa hapana moto, lakini anunuaye jembe hanunui mkaa.

Kwa Okot liko jambo zaidi. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji na mchezaji ngoma, naye mtoto alikulia ndani ya nyimbo za wanawake. Katika mapokeo ya Kiacholi, kama ilivyo katika mapokeo ya waimbaji wetu wa pwani, nafsi ya kwanza si lazima iwe nafsi ya mwimbaji. Anayeimba "mume wangu kaniacha" huenda hakuachwa na mtu. Amekopa kinywa cha aliyeachwa. Okot alikusanya nyimbo nyingi za namna hiyo katika Horn of My Love (1974). Anayetaka kujua chimbuko la sauti ya Lawino atalipata katika mkusanyo huo mapema zaidi kuliko katika habari za chumbani mwa mtunzi.

Kutoka Gulu hadi Kisumu

Okot alizaliwa Gulu mwaka 1931. Alisoma huko, kisha King's College Budo, ambako alipata kutunga na kuonyesha opera akiwa bado mwanafunzi. Mwaka 1953 alichapisha riwaya yake ya Kiacholi, Lak Tar, inayomhusu kijana Okeca ambaye amempata mchumba lakini hana mahari. Kijana huyo anakwenda Kampala na katika mashamba ya miwa kutafuta fedha, na katika safari ya kurudi nyumbani anaibiwa alichokichuma. Tayari katika kitabu hiki cha ujana mapenzi hayavunjwi na mioyo ya wapendanao. Yanavunjwa na uchumi wa kikoloni uliomfanya kijana asiweze kuoa bila kwanza kujiuza mbali na kwao.

Baadaye Okot alikuwa mwalimu karibu na Gulu, mwongozaji wa kwaya, na mchezaji wa timu ya mpira ya Uganda. Timu hiyo ilipozuru Uingereza mwaka 1956, yeye alibaki huko kusoma: elimu katika Bristol, sheria katika Aberystwyth, na hatimaye anthropolojia ya jamii katika Oxford. Aliporejea nyumbani alianzisha tamasha la Gulu, na mwaka 1966, mwaka uo huo ambao Song of Lawino ilitolewa na East African Publishing House, akakabidhiwa uongozi wa Kituo cha Utamaduni cha Taifa mjini Kampala.

Ukumbi aliokabidhiwa ulikuwa umefunguliwa mwaka 1959, miaka mitatu kabla ya Uhuru. Ulijengwa kwa mpango wa Kiingereza: safu za viti gizani, pazia, na jukwaa lenye mwanga mbele. Mpango wa jengo ni falsafa. Ulisema kwamba sanaa ni kazi ya wachache, na kwamba adabu ya walio wengi ni kulipa, kuketi na kunyamaza. Kazi ya Okot ilikuwa kuwaingiza katika jengo hilo watu ambao sanaa yao haina viti. Oktoba 1967, wakati wa sikukuu ya Uhuru, aliandaa tamasha la siku nane. Lakini Uganda ya miaka hiyo ilikuwa nchi ya hofu. Mwaka 1966 jeshi lilikuwa limeishambulia ikulu ya Kabaka, na mwaka 1967 katiba mpya ikafuta falme. Mtayarishaji aliyewaita watu waimbe yaliyo moyoni hakuwa mtumishi wa kustarehesha. Mwaka 1968, baada ya kuwasema wanasiasa hadharani, Okot alipoteza kazi hiyo, akavuka mpaka kuingia Kenya.

Alikofikia ni Kisumu, akiwa mwalimu wa masomo ya nje wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mji huo haukuwa ugenini kabisa kwake. Hadi mwaka 1902 eneo hilo lote lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Reli iliyofika ziwani mwaka 1901 ndiyo iliyoufanya mji. Kijaluo na Kiacholi ni ndugu, na Okot alikuwa mtaalamu wa watu aliowaita Waluo wa Kati. Zaidi ya hayo, katika mitaa kama Kaloleni na Shaurimoyo, majina yenyewe ya Kiswahili yanaonyesha kwamba mji huu wa bandari na reli haukuwa wa kabila moja. Hapo mwaka 1968 aliandaa tamasha la sanaa la Kisumu.

Mwaka huo una maana yake. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitoa ile barua yao mashuhuri ya kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi iondolewe na fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati. Barua hiyo hutajwa katika kila historia ya fasihi yetu. Tamasha la Kisumu hutajwa kwa nadra. Lakini lile ambalo barua ililidai kwa hoja, tamasha lililitenda kwa miguu. Tabia ya wanachuo kuikumbuka karatasi na kuusahau uwanja ni ushahidi tosha kwamba hoja ya Okot haijapitwa na wakati.

Hakukaa sana Kisumu. Mwaka 1969 alialikwa Iowa, Marekani. Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali Kampala, na Okot akabaki Kenya, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa miaka mingi. Baadaye alifundisha Ife, Nigeria. Amin alipoondolewa mwaka 1979, Okot alirudi Makerere, na huko Kampala akafariki mwaka 1982, akiwa na umri wa miaka 51.

Mapenzi yaliyo ugomvi wa uwanja

Tukiirudia sasa Song of Lawino, tukiwa tumeyaweka hayo kichwani, jambo moja linajitokeza mara. Lawino ana mashtaka mengi juu ya mumewe: chakula, dini, saa, dawa, siasa, majina. Lakini mashtaka yanapofika katika ngoma, shairi hubadilika. Hapo Lawino hasemi tu kwamba ngoma ya kigeni ni mbaya. Anaeleza mahali inapochezewa. Inachezewa ndani ya nyumba, katika moshi na joto, watu wakiwa wamekumbatiana kimya. Ngoma ya kwao huchezwa nje, mahali peupe, mbele ya macho ya wote, na kila mchezaji anaimba, anataniwa na kutania. Huu ni uchambuzi wa mtayarishaji wa maonyesho. Analinganisha kumbi mbili: mwanga wake, hewa yake, na nafasi ya hadhira.

Tena Lawino anatukumbusha jinsi mapenzi yake na Ocol yalivyoanza. Alikuwa kiongozi wa wasichana, mashuhuri uwanjani, na Ocol alimposa akiwa bado yumo ndani ya ulimwengu huo. Kwa Waacholi ngoma ya vijana, kama vile larakaraka, si burudani baada ya kazi. Ndipo mahali pa kuchagua mchumba. Msichana humpima kijana kwa sauti yake, kwa wepesi wake na kwa jibu lake anapotukanwa kwa wimbo. Basi kosa la Ocol si kwamba amempenda Clementine. Lawino mwenyewe anasema kwamba hapingi mume kuwa na mwanamke wa pili, ingawa wivu unamponyoka katika kila ubeti. Kosa la Ocol ni kwamba ametoka uwanjani akaketi pembeni, na kutoka huko pembeni anawacheka wanaocheza. Amekuwa mtazamaji wa watu wake. Mwanamke aliyechaguliwa ngomani hawezi kupendwa na mtu asiyecheza.

Ndiyo maana mwisho wa shairi una uzito ambao wahakiki wengi wameupita haraka kwa kuishughulikia zaidi methali ya boga. Baada ya kumshauri mumewe atafute dawa na aombe radhi ya wazee wake, Lawino hadai mali, wala hadai kwamba mwenzake afukuzwe. Anaomba nafasi moja ya kuimba na kucheza mbele ya mumewe. Ombi la mwisho la mapenzi ni ombi la kuonyesha sanaa. Na jawabu la Ocol, lililochapishwa mwaka 1970, linaanza kwa kumwamuru anyamaze na afunge virago. Mkuu wa ukumbi amefunga mlango.

Msomaji wa Kiswahili anazo zana za kuyaelewa haya pengine kuliko mhakiki aliyefunzwa kwa mashairi ya Kiingereza. Mashairi ya kujibizana, ngonjera za Mathias Mnyampala, na vijembe vya waimbaji wa kike wa taarabu vyote vimejengwa juu ya kanuni moja: wimbo una anayesemwa, na anayesemwa yupo. Hata utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambao kwa maudhui uko mbali kabisa na Lawino kwani humfunza binti namna ya kumridhisha mume, una mwelekewa wake anayejulikana. Lawino naye hasemi na ulimwengu. Anamwita mumewe, anawaita watu wa ukoo, na anapogeuka kutoka kwa mmoja hadi kwa wengine ni kama mwimbaji anayegeuza uso katikati ya duara.

Hapa pana pingamizi ambalo halina budi kujibiwa. Yawezekana kusemwa kwamba mtu aliyechukia watazamaji aliandika vitabu, tena kwa Kiingereza, na vitabu husomwa na watu waliokaa peke yao, kimya kuliko hadhira yoyote ya ukumbini. Pingamizi hili ni la kweli kwa sehemu. Wer pa Lawino, matini ya Kiacholi iliyotangulia kutungwa, ilichapishwa mwaka 1969 tu, miaka mitatu baada ya ile ya Kiingereza. Soko lilikuwa na neno lake. Lakini yatazamwe yaliyofuata. Mwaka 1968 Okello Oculi alitoa Orphan. Mwaka 1969 Joseph Buruga alitoa The Abandoned Hut. Na Okot mwenyewe akamjibu Lawino kwa kinywa cha Ocol. Wimbo mmoja ulizaa nyimbo. Kitabu kilifanya kazi ya mwimbaji anayeanzisha, akawaachia wenzake waitikie. Kama Okot hakuweza kuwainua wasomaji wote vitini, aliwainua baadhi ya watunzi.

Malaya na mfungwa

Mwaka 1971 zilitoka nyimbo mbili katika kitabu kimoja, Two Songs, ambacho mwaka uliofuata kilipata Tuzo ya Kenyatta. Moja ni ya mfungwa, nyingine ni ya malaya. Jina la hii ya pili liliachwa katika Kiswahili ndani ya kitabu cha Kiingereza, na jambo hilo linastahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha. Okot hakukosa neno la Kiingereza wala la Kiacholi. Malaya ni neno la miji ya Afrika Mashariki: la bandari, la stesheni, la kambi za askari. Lilikwenda bara kwa njia zile zile zilizokipeleka Kiswahili. Aliyekuwa ameishi Kampala, Kisumu na Nairobi alijua kwamba mwanamke huyu hana kabila katika vinywa vya watu. Ana jina hilo tu, na jina hilo ni tusi.

Kazi ya wimbo ni kuligeuza tusi liwe ukaribisho. Mwimbaji anawapokea wanaume wa kila namna, mabaharia, askari na wenye vyeo, halafu anawafichua wanaomtukana mchana na kumtafuta usiku. Kijuujuu ni shairi la uasherati. Kwa kipimo cha uwanja, ni shairi juu ya wanafiki wanaotaka kutazama bila kuonekana. Mwimbaji anawasha taa upande wa viti. Kila mtazamaji aliyedhani amefichwa na giza la ukumbi anaitwa kwa cheo chake na kuonyeshwa kwamba naye alikuwa mchezaji.

Wimbo wa mfungwa unalifikisha jambo hili mahali pa uchungu kuliko pote. Ulitokea baada ya mwaka 1969, mwaka ambao Tom Mboya aliuawa Nairobi mwezi wa Julai, na mwezi wa Oktoba risasi zikapigwa Kisumu katika ziara ya Rais Kenyatta na kuua watu. Mfungwa amefungwa kamba, amepigwa, ana njaa. Na katika mawazo yake anamwona mkubwa mwenye gari akicheza na mke wake. Mateso makubwa hapa ni kutazama: kumtazama mwingine akicheza ngoma yako na mpenzi wako, nawe umefungwa. Tena, kama Lawino, mwishoni mfungwa huyu haombi haki kwa lugha ya mahakama. Anaomba afunguliwe apate kucheza. Mapenzi, siasa na ngoma yamekuwa kitu kimoja, na anayeunyakua uwanja amenyakua yote matatu.

Aliyenyimwa uwanja

Hata hivyo kipimo hiki kinakata pande mbili. Mtayarishaji wa maonyesho ana mamlaka moja kubwa kuliko zote: yeye huchagua nani apande jukwaani. Okot alimpa Lawino wimbo, akampa Ocol, akampa malaya, akampa mfungwa. Hakumpa Clementine. Mwanamke huyu, ambaye bila yeye ugomvi wote usingekuwapo, tunamjua kwa midomo yake iliyopakwa rangi, kwa poda yake na kwa wembamba wake, yaani tunamjua kwa kutazamwa tu. Yeye ndiye mtu pekee katika pembetatu hii aliyekaa mahali ambapo Okot hakutaka mtu yeyote akae. Anaangaliwa na hajibu.

Upo utetezi unaoweza kutolewa: kwamba wimbo wa kijembe humlenga mtu, na anayelengwa hana zamu ndani ya wimbo wa mwenzake. Utetezi huu ni halali kwa Lawino. Si halali kwa Okot. Katika desturi ya kijembe anayesemwa hungoja zamu yake, na zamu hiyo huja. Ocol aliipata mwaka 1970. Yako yanayoonyesha kwamba Clementine alikuwa na la kusema: msichana aliyesoma, anayetafuta nafasi mjini katika miaka ambapo kila mlango ulimtaka ajigeuze sura. Malaya anabeba baadhi ya sauti hiyo, lakini malaya ni mshindi tangu mwanzo. Clementine hakuwa na ushindi wowote. Wale waliomlaumu Okot kwamba alimtumia mwanamke wa kijijini kuwanyamazisha wanawake wa mjini hawakukosea kabisa. Kosa lao lilikuwa kuliona jambo hili kama mtazamo wa Lawino, hali ni uamuzi wa mwongozaji.

Zamu hiyo ya mwanamke msomi ilikuja baadaye kwa njia ambayo Okot hakuipanga. Binti yake Jane alichapisha Song of Farewell mwaka 1994, na binti mwingine, Juliane Okot Bitek, ambaye sasa huandika kwa jina la Otoniya, alichapisha 100 Days mwaka 2016, mashairi juu ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994. Hawa si Clementine, wala kazi zao zisisomwe kama majibu kwa baba. Lakini zinathibitisha kwamba wanawake waliosoma walikuwa na nyimbo zao wenyewe, wala hawakuhitaji kuzikopesha kinywa cha mwanamke wa kijijini ndipo zisikike.

Lawino katika Kiswahili

Mwaka 1975 Paul Sozigwa wa Tanzania alitoa tafsiri ya Kiswahili, Wimbo wa Lawino. Tangu hapo Lawino amekuwa mali ya idara za Kiswahili kama alivyo mali ya idara za fasihi. Suala ni jinsi mali hiyo inavyotumiwa. Kwa kawaida mwanafunzi hupewa swali moja: onyesha mgongano kati ya mila na usasa. Hujibu kwa safu mbili, huku mila, kule usasa, na Lawino hugeuka kuwa orodha. Anayepotea katika zoezi hilo ni mwanamke anayesimama mbele ya watu, mwenye hasira, mwenye wivu, mwenye kupenda, anayeomba aruhusiwe kucheza.

Katika Kiswahili chenyewe iko mifano ya njia iliyo bora. Ebrahim Hussein, katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976), aliandika kazi ambazo haziwezi kuainishwa kwa urahisi kama ushairi au tamthilia, kwa sababu zimeandikwa kwa ajili ya msanii mmoja mwenye sauti nyingi. Lawino ni wa jamii hiyo. Tafsiri yake inapaswa kupimwa pia kwa kipimo hicho: si tu kama neno limelingana na neno, bali kama msemaji wa Kiswahili akiutamka ubeti kwa pumzi moja, mume aliyeketi mbele yake ataona haya. Mwaka 2001 Taban lo Liyong alitoa tafsiri yake mpya ya Kiingereza kutoka Kiacholi, akidai kwamba mengi yaliachwa katika ile ya mtunzi mwenyewe. Hakuna sababu Kiswahili kiridhike na tafsiri moja ya mwaka 1975 wakati matini ya Kiacholi ipo na wasomi wanaoijua wapo.

Hitimisho

Mwaka 1977, huko Kamirithu, wakulima na wafanyakazi waliigiza Ngaahika Ndeenda katika ukumbi wa wazi walioujenga wenyewe. Novemba ya mwaka huo serikali iliuondoa ruhusa mchezo huo, na mwaka 1982, mwaka aliofariki Okot, ukumbi ukabomolewa. Mambo haya yalionyesha kwamba Okot hakuwa akiota. Watawala waliweza kuvumilia vitabu vya mgongano wa tamaduni vilivyosomwa darasani. Uwanja ambao watu wote wameingia hawakuuvumilia.

Hilo ndilo linalounganisha maisha ya kazi ya Okot na dhoruba za mapenzi katika nyimbo zake. Alifukuzwa ukumbini Kampala kama Lawino alivyofukuzwa nyumbani, na wote wawili kwa kosa la kusema mbele za watu. Hakuna haja ya kuchungulia katika ndoa zake ili kuliona hilo. Yanayohitajika ni mawili. La kwanza, tamasha la Kisumu la mwaka 1968 na lile la Gulu lililolitangulia yapewe watafiti, ili waliocheza na walioimba waliosalia waulizwe na maneno yao yaandikwe. La pili, Wimbo wa Lawino utolewe katika karatasi za mitihani peke yake na urudishwe sautini. Mwanafunzi mmoja asimame aimbe, mwingine akae mahali pa Ocol, na wa tatu, kwa kuwa hili ndilo ambalo Okot aliliacha bila kulitimiza, apewe nafasi ya Clementine na aambiwe ajibu.